Picha Kutoka Viena

"Ile gari ya mufalme iko ya zahabu kweli?"

Kijana aliyeuliza hakushuka kwenye pikipiki. Mwenzake, aliyekaa nyuma yake, alikuwa akiangalia mlango, halafu dirisha, halafu ua wa matete kule nyuma. Faida aliacha kukanyaga cherehani. Sindano ilibaki imezama kwenye kola ya joho la kwaya.

"Gari gani, baba?"

"Ile bwana yako anasimama pembeni yake. Mutaa muzima iliona picha." Kijana akacheka. "Atarudi siku gani?"

"Sijui."

"Haya, mama. Tutapita tena."

Wakaondoka polepole, pikipiki ikinguruma chini kwa chini. Faida hakuwajua. Na mtu wa Bunia, hata awe mjinga namna gani, anajua: anayeuliza mwenye nyumba atarudi lini, naye hata mguu hajaweka chini, huyo hakuja kusalimia.

Ah, Anselme na simu yake! Mumewe alikuwa mpiga ngoma wa kwaya ya parokia, mtu mpole mwenye jozi moja tu ya viatu. Parokia rafiki ya huko Viena iliwaalika wakaimbe, na siku za mapumziko walitembezwa kwenye majumba ya wafalme wa zamani na makumbusho yake. Basi kila alipoingia alipiga picha na kuitupa kwenye kundi la kwaya. Anselme na gari la farasi lililopakwa dhahabu. Anselme na sahani za dhahabu. Anselme mdomo wazi chini ya taa kubwa kuliko jikoni kwake. Mwanakwaya akamtumia jirani, jirani shemeji, shemeji wachimbaji wa dhahabu wa Mongbwalu, na picha iliporudi mtaani kwao Shari, Anselme alikuwa amekwisha kuwa tajiri. Majirani walimtania Faida: "Mama Orly, weye unakulia kwa sahani ya zahabu, siye utupatie hata kijiko!" Alicheka nao wiki nzima. Leo alichukua simu.

Alimpigia Anselme. Simu iliita, ikaita, hakuna aliyeishika.

Ndipo akamkumbuka dada yake Bénédicte, kule Mbunya. Angelala huko na mtoto mpaka wale vijana wapate habari nyingine. Alifungua skrubu, akang'oa kichwa cha cherehani na kukifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Mwaka ule wa vita aliacha cherehani yake ya kwanza ndani, na aliporudi alikuta kuta tu. Hilo hangelirudia. Kwa Bénédicte hakukuwa na godoro la ziada, kwa hiyo akajitwisha godoro, akamshika Orly mkono, akatoka mchana kweupe.

Na hapo ndipo alipokosea. Hofu ilimjaa mpaka akasahau jambo ambalo hata Orly alilijua: Bunia hakuna mama anayekwenda kutembea na godoro kichwani; godoro likitoka, vita imefika.

Blanchard, fundi viatu wa pale kwenye kona, aliliona godoro. Aliona na gurudumu la cherehani likichungulia kwenye kitenge. Hakuuliza kitu. Alizoa nyundo na viatu vya watu, akaingia ndani kumwita mkewe. Mama Immaculée, mjane muuza unga, alimwona Blanchard. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji! Sufuria zikaanza kugongana nyumba hadi nyumba.

Faida alikuwa ameshafika barabara kubwa aliposikia vishindo. Akageuka. Watu! Magodoro, mbuzi, madumu, watoto migongoni, wote wakija mbio.

"Mungu wangu, kumbe vita imeanza kweli!"

Hakungoja kuuliza. Alikimbia. Nao walipomwona anakimbia, wakazidisha mbio. Chuma kilimchoma mgongo, pumzi ikamwishia, Orly akajikwaa na kuanguka. Blanchard ndiye aliyemwinua mtoto.

"Mama Orly, wanatoka upande gani? Bogoro?"

"Nani wanatoka?"

"Weye ndio unatuuliza? Weye ndio ulitoka wa kwanza!"

Ikabidi aseme. Alisema yote, pikipiki, picha, Bénédicte, kwa aibu na kwa woga ambao ulikuwa bado haujamtoka.

"Weye!" Mama Immaculée alitua mzigo kwa kishindo. "Nimeacha sufuria yangu ya sombe kwa moto!"

Mtu mmoja alicheka. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuza mguu kurudi. Simu ikalia. Alikuwa Anselme, uso wake umejaa kioo kizima.

"Faida, uliniita? Tulikuwa ndani. Angalia chumba ya mufalme!"

Kuta zilikuwa za hariri nyekundu. Katikati, nyuma ya kamba, palikuwa na kitanda kimoja chembamba kilichotandikwa vizuri. Mama Immaculée akaingiza kichwa.

"Na wenyewe wako wapi?"

"Wa mwisho vita ilimushinda, mama. Akaondoka na familia yake, akakufia mbali."

"Na vitu wakaacha?"

"Yote."

Mama Immaculée aliketi juu ya godoro lake taratibu. "Mufalme na waaskari wake wote," alisema. "Siye sasa ni nani?"

"Lakini muko wapi pale?" Anselme aliuliza. "Mbona watu wengi vile?"

"Anselme, usitume picha tena. Ninakuomba."

Mtandao ukakatika. Wote walikuwa wakimtazama Faida. Aliyewatoa ndiye angewarudisha, hilo halikuhitaji kusemwa. Lakini wale vijana walisema watapita tena, na nyumba yake ilikuwa kule kule. Akajitwisha godoro.

"Mama, tunarudi?" Orly aliuliza.

"Tunarudi."

Mbele yao barabara ya Shari ilikuwa tupu mpaka juu, na milango yote wazi.