Tromboni Iliyougua Pamoja na Aroni

Jumanne saa nne asubuhi, nyumbani kwao Kaagya, Penina alikamua kitambaa cha maji baridi akakiweka kwenye paji la uso la mumewe, Aroni. Kisha akakamua cha pili akakiweka juu ya tromboni, kwa kuwa nayo ilikuwa na homa tangu Jumapili.

Mganga msaidizi wa zahanati alikuja kwa baiskeli. Alimpima Aroni akasema ni homa ya mapafu. Akaingiza kipimajoto kwenye kipulizio cha tromboni, akangoja, akasoma digrii mia na tatu za Farenhaiti. Fomu ya Serikali, mwaka ule wa 1952, ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina la mgonjwa, kwa hiyo aliacha vidonge vya mtu mmoja. Penina akawa anavigawa nusu kwa nusu. Nusu ya tromboni aliisaga, akaikoroga na maji, akaimimina polepole kwenye bomba la kuvuta.

Aroni alikuwa seremala, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mpiga tromboni wa bendi ya kanisa. Hakuwa mpigaji mzuri, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hivyo, ili wengine wasipate raha ya kumwambia. Katika kila wimbo alichelewa pigo moja. Alisifika mazishini tu, kwa kuwa huko hakuna anayeharakisha.

Homa ilikaa siku ishirini na moja. Siku ya kumi na mbili alikuja Josia, mdogo wake Aroni, pamoja na wanaume watano wa ukoo. Penina aliwapa kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote, nao wakamwomba akaangalie ndizi jikoni. Ndizi zilikuwa hazijamenywa, lakini alikwenda. Wageni walikaa kwenye majani ya sakafuni wakitafuna, wakazungumza na mgonjwa, wakaondoka na adabu zao zote.

Siku ya ishirini na mbili Aroni aliamka akaomba samaki. Tromboni ikapoa saa ileile. Wote wawili walikuwa wamekonda. Suruali ya Aroni ilihitaji kamba, na mfuko wa tromboni ilibidi Penina aukunje upande mmoja na kuushona.

Aroni alipoweza kutembea, Penina alimpeleka kwenye kibanja, shamba lao la migomba na kahawa. Katikati, baina ya nyumba na mibuni, palikuwa na mstari mpya wa emilamula, mimea ambayo huku hupandwa kuonyesha mpaka. Vipandikizi vilikuwa bado vifupi, havijavuka kifundo cha mguu.

"Hii kapanda nani?" Penina akauliza.

"Josia huyo. Ana haraka tangu zamani. Hata kuzaliwa alizaliwa mkunga akiwa bado njiani."

"Na ruhusa kampa nani, Baba Kemilembe?"

"Mimi nilikuwa na homa, mama. Sikumbuki hata jina langu nililiweka wapi."

Penina hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Kemilembe na Kokubanza, na alijua kinachompata mjane mwenye mabinti tu: kibanja hurudi kwenye ukoo, naye hurudi kwao na mkeka wake. Kwao ni Rubafu, na kaka zake walikuwa wameshajaza nyumba. Kwa hiyo alimwomba Aroni jambo moja. Siku ya sikukuu ya mavuno huko Muleba ukoo wote ungekuwapo. Asimame mbele yao, aseme kwamba akifa, mke na mabinti wabaki.

"Nitasema," Aroni akaahidi. "Nikishamaliza kupiga."

Maana alikuwa na kitu cha kupiga. Tangu apone, kila alipoweka midomo kwenye tromboni ulitoka muziki asioujua, mrefu, wenye sehemu nne, na haukuchelewa hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kutoa pumzi na kuvuta bomba mbele na nyuma ili aonekane ana shughuli. Alinunua daftari, akachora mistari, akaandika juu: *Shukrani ya Aliyeamka Kitandani, mtunzi Aroni.* Kisha akalipeleka kwa Mwalimu Byarugaba, kiongozi wa bendi, mjini Bukoba.

"Umetunga wewe?" Byarugaba akauliza. "Wewe ambaye Amina ya Pasaka tulikuacha nayo, tukaenda kula?"

"Ugonjwa ni shule, Mwalimu."

"Basi ulichelewa kuandikishwa."

Jumapili ya mavuno bendi ilikwenda Muleba kwa lori la kahawa. Kanisa lilikuwa na watu mia tatu, na madhabahuni mikungu ya ndizi ilipangwa hadi kwenye magoti ya mchungaji. Aroni alisimama amevaa shati lake la Pasaka. Penina alikaa benchi la tatu upande wa wanawake, Josia na ukoo benchi la pili upande wa wanaume.

Sehemu ya kwanza ilikuwa homa. Watu wote mia tatu walitoka jasho, wakajipepea kwa vitabu vya nyimbo. Sehemu ya pili ilikuwa kikohozi, na kila aliyekuwapo alikohoa kwa zamu, benchi baada ya benchi, mchungaji akimalizia.

Sehemu ya tatu ilianza na sauti ya kahawa inayotafunwa na vinywa sita. Kisha katika mdomo mpana wa tromboni ikatoka sauti ya Josia, yenye upole: "Kaka, ukiondoka, kibanja unamwachia nani?"

Sauti ya Aroni ikajibu, dhaifu lakini safi kuliko alivyowahi kupiga: "Achukue Josia. Apande emilamula kabisa, asiningoje. Penina atarudi kwao Rubafu na wasichana wake. Ila shati langu la Pasaka mlitoe mapema, msije mkanizika na lile la kazini."

Byarugaba aliendelea kupiga mapigo kwa mkono. Alitambua kwamba sauti ile iliingia mahali pake hasa, na kwamba katika miaka kumi na mmoja ndiyo mara ya kwanza Aroni hakuchelewa. Aroni mwenyewe alitoa midomo kwenye kipulizio. Tromboni ikaendelea bila yeye.

Sehemu ya nne ndiyo iliyokuwa ndefu. Ilikuwa kitambaa kinachokamuliwa, kidonge kinachosagwa, na nyayo za mtu mmoja zikienda kisimani na kurudi, kwenda na kurudi. Baadhi ya watu walisinzia.

Nje ya kanisa, Ta Mujuni, mkubwa wa ukoo, alimshika Aroni mkono kwa mikono yake miwili.

"Umetupunguzia kazi, mwanangu. Tuliosikia siku ile tulikuwa sita. Sasa wosia wako una mashahidi mia tatu, na umetolewa kanisani."

"Nilikuwa na homa, Ta Mujuni."

"Tromboni nayo ilikuwa na homa. Mbona haikusahau?"

Penina alikuwa amesimama pembeni na kikapu chake, akimtazama mumewe. Aroni alifungua kinywa. Kabla neno halijatoka, mchungaji alifika akasema wazee waliokaa nyuma hawakuisikia vizuri sehemu ya tatu, na je, mtunzi angeweza kuirudia? Hakuna aliyewahi kumwita Aroni mtunzi. Alifunga kinywa, akakiweka kwenye kipulizio. Hadi jioni alikuwa ameirudia mara nne, na mara ya nne aliinama kushukuru.

Kwenye lori, wakirudi Bukoba, Penina alipakata tromboni.

"Ulisema utasema ukishamaliza kupiga."

"Ndiyo."

"Umemaliza?"

Aroni aliitazama barabara. "Mama Kemilembe, umeolewa na mpumbavu. Lakini leo angalau kaingia kwa wakati."

Penina hakucheka. Josia, aliyekaa mbele yao, ndiye aliyecheka, kisha akawapa wote wawili kahawa ya kutafuna.

Mvua za masika ziliporudi, Aroni alishikwa na homa tena, na tromboni pia. Penina alikamua vitambaa viwili. Safari hii cha kwanza alikiweka juu ya tromboni. Kisha akavuta kigoda, akainamia ule mdomo mpana, akasema polepole, kama mtu anayemwandikisha karani: "Mimi naitwa Penina. Kibanja hiki nimekipalilia miaka kumi na minne." Akaendelea hivyo kila asubuhi, mgomba kwa mgomba, siku zote za ugonjwa.

Walipona wote wawili. Sikukuu ya mavuno iliyofuata, *Shukrani* ilipigwa ikiwa na sehemu ya tano, na kila neno lilisikika hadi benchi la mwisho. Wanaume wa ukoo walisikiliza hadi mwisho wakiwa wameshika kofia mikononi. Ta Mujuni alisema sauti ni nzuri, ila sehemu hiyo ni ndefu kidogo. Aroni aliinama kushukuru.

Emilamula, wakati huo, ilikuwa imefika kiunoni.