Milango Miwili ya Kushoto

"Gauni halipandi gari lako, Werema, mpaka nione milango yake kwa macho yangu," alisema Mama Petronila, na hapo hata kiti sikuwa nimekaribishwa.

Mwaka ule wa themanini na nne, mtaa wetu wa Mwisenge, mjini Musoma, ulikuwa na gauni moja tu la harusi. Hata khanga ilikuwa ya kupangia foleni, seuse kitambaa cheupe cha bibi harusi. Mama Petronila, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, ndiye aliyelitunza ndani ya sanduku la bati, na mabibi harusi tisa walikuwa wameshalivaa. Yule wa tisa alinaswa na waya wa mlangoni alipokuwa akishuka kwenye pikapu, gauni likachanika shubiri nzima. Mama Petronila alilia siku hiyo kama mfiwa. Wa kumi alikuwa dada yangu Getruda, aliyekuwa akiolewa kijijini Buswahili Jumamosi ile.

Gari langu lilikuwa Pijo 404 niliyoachiwa na baba. Injini haikuwa na neno, lakini milango ya nyuma kwa ndani ilitia aibu. Ubao wa hadibodi ulikuwa umefura kwa maji, leza, ile ngozi bandia iliyoufunika, imepasuka na kubanduka, na vibanio vyenye kutu vimechomoza kama ndoana. Nami hasira zangu ziko karibu. Nikamjibu Mama Petronila kwamba basi bibi harusi atakwenda kwa miguu, nikatoka nikaubamiza mlango wa gari mpaka kuku wakatawanyika.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Getruda. Hakunung'unika. Aliitikia tu, "Haya, kaka," akaingia ndani, akatoa gauni lake la zamani la shuleni na kulipiga pasi. Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Eufrasia.

Eufrasia alikuwa akishona makochi na makava ya viti vya baiskeli uani kwake. Nilikwenda kwake kwa kukosa mwingine, na ujinga wangu nikausema waziwazi. "Lakini dada, gari si kochi."

"Kochi linakaliwaga na watu wazito kuliko huo mlango wako," alinijibu. "Lete gari."

Tangu nilipomwona akifungua mlango wa kwanza, nilianza kumheshimu. Mimi ningeuvuta ule ubao kwa mikono miwili. Yeye alifungua kwanza kishikio cha kuzungushia kioo, kisha akapitisha kisu butu cha mezani pembezoni, akitafuta kila kibanio kilipo na kukinyanyua polepole, huku akikiimbia kidogo kidogo. Alipoutoa ubao, akaunusa.

"Maji yanaingiaga kwenye kioo, yanashukia huku," akasema. "Tukivika leza mpya bila kuzuia maji, mvua mbili tu tumerudi palepale." Akachana mfuko wa nailoni uliokuwa ndani ya gunia la mbolea, akautandaza kwenye bati la mlango, pale ubao ulipokuwa unakaa. Kisha akagusa fremu ya mlango. "Na huu umepigwapigwa sana. Nani anaubamizaga hivi?"

Nikajifanya natafuta bisibisi.

Hadibodi mpya haikupatikana Musoma nzima, kwa hiyo akakata mbao mbili kutoka kwenye sanduku la majani ya chai. Vibanio akavitengeneza kwa spoku za baiskeli, akivikunja kimoja kimoja kwa koleo, vyote sawasawa. Nilibaki nimeduwaa. Mtu hana duka, hana spea, ana macho na mikono tu, na kazi inakwenda.

Leza ndiyo ilitutoa jasho. Ilinibidi niende Bunda, pale Kabasa, kwa mzee mmoja aliyeitwa Magesa, aliyekuwa ameficha kipande cha rangi ya kahawia tangu alipofunga karakana yake ya samani. Alinipa kwa debe la dagaa. Kilitosha milango miwili ya nyuma, basi. Pa kupata kingine hapakuwapo.

Ijumaa, tulipokuwa tayari kukata, zikaja habari kwamba sukari imefika dukani. Eufrasia akajifunga khanga.

"Naenda foleni. Mkasi usiuguse, kaka Werema. Nikirudi tunakata."

Saa moja ikapita. Ya pili. Ya tatu nikaanza kutembea uani, namwona akilini dada yangu akienda kanisani na gauni la shuleni. Nikajiambia, kukata ni kukata tu. Nikalaza ubao juu ya leza, nikachora kwa chaki, nikakata. Nikalaza ubao uleule tena, nikachora, nikakata. Nikajiona fundi.

Nilipopeleka kipande cha pili kwenye mlango wa kulia, hakikukaa. Ule upinde wa chini unaopisha tairi la nyuma ulikuwa unaangalia mbele. Nikakigeuza. Upinde ukakaa sawa, lakini sasa uliotokeza nje ni ule upande wa ndani, mweupe, wenye nyuzi. Nilikuwa nimekata milango miwili ya kushoto.

Eufrasia alirudi na sukari yake nusu kilo akanikuta nimekaa chini. Nilimwonyesha. Nilitamani anitukane, nipate pa kuanzia ugomvi. Hakunitukana.

"Maji yakimwagika hayazoleki," nikasema.

"Hayo ni maji. Hii ni leza," akajibu, akapiga magoti.

Akakitazama kile kipande muda mrefu. Kisha akaikata ile kona yenye upinde, mraba kamili, na kona ya upande wa pili akaikata kwa kipimo hichohicho. Ile yenye upinde akaizungusha robo mzunguko, akaihamishia upande mwingine. Nyingine akaijaza palipobaki wazi. Upinde ukaangalia nyuma, kama ilivyotakiwa. Akaviunga vipande kwa uzi wa nyavu aliopewa na kaka yake mvuvi, mshono mnene ulionyooka kama rula. Machozi yalinilengalenga, na sioni haya kusema.

Kisha akanipa mkasi. "Haya. Kata na ule mwingine."

"Ule ni mzima, dada!"

"Ndiyo. Ukibaki mzima, huu utaonekana una viraka. Ukikatwa nao, yote itakuwa na urembo." Akanichorea chaki. "Kata wewe. Saa hizi hutakosea."

Nilikata, naye akashona. Tukavika mbao, tukakunjia kingo nyuma, tukazipigilia misumari ya viatu na kuzibonda ncha zote zikalala.

Jumamosi asubuhi Mama Petronila alikuja kwetu na lile sanduku la bati, na kitambaa chake cha kichwa cha nailoni, kile kinachonasa hata kwenye kidole chenye sugu. Akakipitisha mlangoni polepole, juu, chini, pembeni, mpaka nyuma ya kishikio. Akahamia mlango wa pili. Kitambaa kiliteleza tu. Getruda alikuwa amesimama kizingitini na nguo za nyumbani, akikifuata kitambaa kwa macho.

"Na hii mishono ya kona, mbona mizuri hivi?" Mama Petronila akauliza. "Nani aliyeibuni?"

Nikafungua kinywa kukiri. Eufrasia, aliyekuwa amesimama kando yangu, akaniwahi.

"Tuliibuni wawili, mama. Werema ndiye aliyeanza."

Mama Petronila akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. "Getruda," akaita, "njoo uvae."

Alipotoka amevaa, hata mimi sikumjua. Akaingia nyuma, lile gauni likajaa kiti chote na kuegemea mlango, jeupe juu ya kahawia. Akaupapasa mshono kwa kidole, akanitabasamia. Nami nikakusanya upindo uliobaki nje, nikauingiza, nikashika mlango kwa mikono miwili na kuusukuma taratibu mpaka nikausikia umejifunga.