Mdudu Aliyekwisha Kuwa na Jina

...hapana, siye, lazima ni kosa la mwanga, betri ya taa inakaribia kwisha na darubini yenyewe ya zamani inatia ukungu pembeni, azungushe kidogo tu kwa ncha ya sindano, aangalie tena, polepole, Colombe, polepole, akazungusha, akabana pumzi, akaangalia, na ncha ya kiungo cha mdudu ilikuwa vilevile, imepinda kushoto kama ndoana, na chini yake vijino vitatu, vitatu, si viwili, sawasawa na mchoro ulioingia kwenye simu yake asubuhi hii, ukurasa mmoja wa jarida la Ubelgiji, wa miaka tisini iliyopita, na nyuma ya mgongo wake Mama Bintu alikuwa anasema kitu, "Docteur, sikusumbui? Bateau ya kurudi Kalehe itatoka ku saa munane," na Colombe alijibu, "Hapana mbaya, mama, ngoja kidogo," kidogo ya nini, hata yeye hakujua, maana mbawakawa hawa, staphylin kama wanavyowaita hapa kazini, huwezi kuwatambua kwa sura, wote weusi, wembamba, mabawa ya juu mafupi kama koti lisilofika kiunoni, tumbo liko nje, ukiwatisha wanainua mkia kama nge, unaweza kupanga mia mezani ukadhani wamezaliwa tumbo moja, mpaka umpasue dume na kukitoa kiungo chake cha uzazi, chembe ndogo kuliko punje ya chumvi, hapo ndipo kila spishi inapojitaja, na huyu amejitaja, na jina alilolitaja si la Venant... Venant, marehemu mume wa huyu mama aliyeketi nyuma yake na kitenge cha Jumapili, miaka kumi na tisa anakamata wadudu kwa ajili ya kituo hiki cha utafiti, hana diploma hata moja, anapepeta majani makavu kwenye chekeche kama mwanamke anayepepeta mchele, na ndiye aliyemwona wa kwanza, miaka mitatu iliyopita, chini ya mianzi iliyooza kule juu ya Kalehe, akamleta ndani ya kichupa, akasema, "Docteur, huyu sijamuonaka," na mtu aliyeona maelfu akisema hajaona unaamini, Colombe aliamini, tangu siku ile alikuwa akilala na mdudu yule na kuamka naye, spishi mpya, jina litakaloandikwa na mkono wake, lakini siku hizi dume mmoja hatoshi kuthibitisha, kila mtu anajua dume mmoja hatoshi, ndiyo maana ilipofika Aprili mwaka jana akamwambia arudi mlimani, "Docteur, na hii mvua?" aliuliza Venant, "Wiki moja tu, Papa Venant, kabla bazungu habajatutangulia," na Venant akacheka, akavaa bottes zake, akaenda... "Padri alisema atasoma jina ya mdudu ku misa," Mama Bintu alikuwa anasema, "kesho, ku misa ya mwaka, bantu yote itakuwa pale, basi uniandikie tu ku karatasi, na lettres kubwa, macho ya Padri imechoka," na karatasi ilisikika ikikunjuliwa, ukurasa wa daftari bila shaka, na Colombe hakugeuka, alikuwa anaona mto, mto ambao hajawahi kuuona kwa macho, mto mdogo unaorukwa kwa mawe siku za jua, ulishuka mara moja na matope na magogo ukamchukua mtu katikati ya jiwe la pili na la tatu, wakamwokota baada ya siku mbili huko chini, na mfuko wa shati umefungwa kifungo, na ndani yake vichupa, vimezibwa barabara, hata tone la maji halikuingia, wadudu saba, madume wanne, wazima kama walivyokamatwa, na ni Mama Bintu huyuhuyu aliyempa mkononi, kwenye matanga, vimefungwa ndani ya leso, "Kazi yake njo hii," akasema, na Colombe mbele ya watu wote, huku analia, akaahidi, mdudu huyu atachukua jina la Venant mpaka mwisho wa dunia, watu wakaitikia Amina, na sasa dume wa Venant, mmoja wa wale wanne, amelala chini ya kioo na kumwambia kwamba jina analo, alipewa zamani na Mbelgiji aliyepita mlimani na machela na wapagazi, Venant hajazaliwa, baba yake Venant hajazaliwa... basi aandike tu, nani atajua, maneno mawili ya Kilatini kwenye karatasi ya daftari, Padri atasoma, kanisa litaitikia, hakuna mtu Kalehe anayesoma jarida la Ubelgiji, itakuwa huruma, si uongo, huruma, akaiona kalamu kando ya darubini, mkono ukanyoosha vidole, kisha ukarudi pajani, kwa kuwa kulikuwa na kitu kingine kikimkwaruza tangu asubuhi, tangu Télesphore, mwenzake aliyeko Kisangani, alipomtumia ukurasa ule na kuuliza tu, "Huu uliwahi kuuona?", na yeye akajibu hapana, ukurasa huu ulikuwa haupatikani, nimeutafuta sana... aliutafuta wapi, Colombe, sema, uliutafuta wapi, jana tu, misa ikiwa mlangoni, umemwandikia Télesphore mistari miwili ya kuomba mchoro, leo ukurasa umefika, mistari miwili, mchana mmoja, na orodha moja ya zamani ya spishi za mbawakawa aliisoma miaka mitatu iliyopita, mwezi uleule Venant alipoleta kichupa, mstari mfupi chini kabisa, msitu wa milima, Kivu, dume mmoja, aliusoma, anakumbuka chai ilivyopoa mkononi, akasema nitaomba mchoro kesho, na kesho hakuomba, na mwezi uliofuata hakuomba, internet ni mbaya, umeme umekatika, vita, mabenki yamefungwa, kila siku ilikuwa na sababu yake, na chini ya sababu zote kulikuwa na woga tu, aliogopa kuona kitu hiki anachokiona sasa, akaona heri ampeleke mtu mlimani kwenye mvua kuliko kufungua ukurasa, hapana, hakuona hivyo, hakufikiri hivyo... alifikiri hivyo, wiki moja tu, Papa Venant, na mchoro umelala mahali fulani unangoja kuombwa... "Haina shida kama ni ngumu," alisema Mama Bintu taratibu, "angalia bien, Venant alikuwaka anasema, docteur hawezi kukosea," na Colombe akafumba jicho juu ya kioo, kukosea, laiti angekuwa amekosea, anayekosea ni asiyejua, akatafuta neno la kwanza la kumwambia huyu mama, na lililokuja halikuwa samahani, samahani ni ya mtu aliyeteleza, lilikuwa nilijua, nilijua, na Mama Bintu alikuwa bado ameinyoosha karatasi juu ya goti, kwa kiganja, anasubiri.