Herufi za Upande wa Mlango

Upande wa kulia wa basi la shule mambo yalikuwa shwari. Herufi sita nyekundu, nene, zenye kona kali, zimelalia mbele kama watu walio mbioni. Zilisomeka kuanzia kichwani mwa gari kwenda mkiani, yaani kulia kwenda kushoto, kama magari ya mji wa Himeji, Japani, yalivyoandikwa tangu enzi za mababu. Mitsue Kuwabara, mchoraji wa herufi, alizichora kwa miezi minane. Akazunguka kwenda upande wa mlango, yaani kushoto.

Huku nako herufi zilianzia kichwani, lakini mlalo wake ulielekea mkiani. Lo! Zilikuwa kama mtoto anayevutwa mkono kwenda kuchomwa sindano.

Nukui, kocha wa mbio za kupokezana, akaguna. "Dada Mitsue, upande ule tunashinda. Huku tunaburutwa. Na vijana wangu wanapandia huku."

"Nimeona, Kocha."

"Tunaondoka Jumamosi asubuhi. Zikiwa bado hivi, futa zote, turudishie zile za zamani."

Zile za zamani! Za mviringo, nono kama keki za mchele. Mitsue aliumia, tena sana, lakini udadisi ulimshika kuliko uchungu. Kwenye kompyuta akazilaza herufi kushoto, kwa pembe ileile. Zikaonekana zimelewa. Mbona kulia zinakimbia na kushoto zinapepesuka?

Akamwendea Mzee Isogai, mwenye karakana, aliyeandika mabango kwa miaka hamsini na ambaye hakuwahi kuziita herufi za Mitsue jina lingine ila "vijiti vyako".

"Mwalimu, niandikie moja tu, kwa brashi."

"Ehee! Leo vijiti vimekushinda?"

"Vimenishinda, ndiyo. Andika basi."

Mitsue hakuitazama karatasi, aliutazama mkono. Kila mstari wa kulala, ule unaokatiza herufi, ulipanda kidogo kuelekea kulia. Kumbe! Yeye alikuwa ameinamisha mwili wa herufi kushoto, huku mistari ya kulala bado ikipanda kulia. Kiwiliwili kinakwenda mbele, mikono imeng'ang'ania nyuma. Nani atakimbia hivyo?

"Unacheka nini?" Mzee akauliza.

"Najicheka mwenyewe, Mwalimu."

Akazichora upya zote sita, mistari ikipanda kushoto, ncha zikichongeka kuelekea mbele, kwa dereva. Ijumaa zikabandikwa.

Jumamosi asubuhi Kocha Nukui alisimama mbele ya mlango, mikono kifuani, akizikagua herufi. Hapo Mzee Isogai akatokea nyuma ya karakana na kikombe chake cha chai, akapita mbele ya pua ya basi, akainua macho kwenye herufi za upande wa mlango. Akaruka hatua mbili nyuma, chai ikamwagikia viatu.

"Angalieni gari, nyie!" akafoka.

Dereva alikuwa amekaa kando ya ukuta anakula wali wake, funguo za basi ziko mapajani.

Kocha akamtazama Mzee, akazitazama herufi, kisha akawageukia wakimbiaji. "Haya, pandeni."