Mvukuto wa Mzee Thuwein

Hewa ilikuwa inavuja. Mzee Thuwein alikuwa amekalia kiti cha gari nilichokuwa nimemaliza kukishona, mvukuto wangu kaubana kwapani, na habani, zumari yake ya mfuko, ikatoa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia. Akauvua mkanda wa mvukuto.

"Khalas, Hesbon. Nshakwambia, habani hulia kwa pumzi ya mtu. Mbao hazina pumzi."

Akaondoka bila kuniaga.

Wiki tatu kabla alikuwa ameileta habani hiyo gerejini kwangu, hapa Satwa, Uarabuni, imefungwa kwenye shuka: mfuko wa ngozi ya mbuzi, bomba la kupulizia na zumari. Miaka arobaini aliipuliza kwenye harusi za mji huu, Waswahili kwa Waarabu. Sasa mapafu yalikuwa yamechoka, na daktari amemkataza. Alitaka niikate, nimshonee kibegi cha dawa.

Nilishika mkasi, nikauweka chini. Babu yangu kule Siaya alikuwa mhunzi. Moto wake aliuvuvia kwa mvukuto wa mikono, si kwa mdomo. Kwa nini mfuko huu usilishwe upepo kwa kiwiko? Nikachukua mbao mbili, nikazizungushia ngozi ya viti, ndani nikatia ulimi wa kuzuia upepo usirudi.

Leo wapiga habani watatu wanatumia mivukuto yangu, na wawili kati yao walikuwa wameshaacha kabisa. Lakini siku ile nilikuwa na huo mmoja tu, na ulivuja. Nikaufumua. Ulimi ulikuwa mgumu mno. Nikakata mwingine kwenye glavu laini.

Ijumaa, baada ya swala, nikampelekea vyote viwili nyumbani, habani na mvukuto.

"Mara moja tu, Mzee. Ikikataa, nitaikata mwenyewe."

Akajifunga mkanda. Kiwiko kikapanda, kikashuka. Mfuko ukajaa, ukakaza, na sauti ikatoka nene, imenyooka. Akapiga wimbo wa kumtoa bibi harusi. Katikati yake midomo ikaanza kumtetemeka, nikadhani analia.

Alikuwa anaimba. Sauti ilikwaruza, pumzi ikimkatikia kila baada ya maneno manne, lakini habani haikumngoja. Ilisonga mbele, naye akaifuata.

Mkewe, Bi Khamisa, alisimama mlangoni na sinia la kahawa.

"Miaka yote hii," akasema, "kumbe hata maneno yake unayajua?"

"Mdomo ulikuwa na kazi," akajibu Mzee, kiwiko kikiendelea.

Bi Khamisa hakuingia wala hakurudi jikoni. Kahawa ikapoa mikononi mwake, wala hakuna aliyeiulizia.