Namba Chini ya Mtungi

Usiku wa jana niliota nimerudi kwenye lile jumba la makumbusho walikonifukuza mara tatu kwa kuuliza maswali. Safari hii mlinzi akanipigia saluti. Nikajua hapa pana hila.

Chumba cha Misri ya kale kimejaa mitungi iliyopanga foleni. Mbele yake ameketi Bi Tausi, mtunza kumbukumbu, na ndoo ya maji na sponji.

"Karibu, Mzee Shomvi. Tunasafisha. Kengele ikilia, kisicho na namba hakina kwao."

"Kanuni ya nani hiyo?"

"Imeandikwa."

Mtungi mwekundu, mdomo umemeguka, unanivuta shati. "Mjukuu wangu, nigeuze. Haraka."

Nina miaka sabini. Nikaitika.

Chini ya kitako, kwa wino mweusi, imeandikwa namba ya kaburi: 214. Ndivyo wachimbaji walivyofanya, kabla ya kufunga vitu vya watu kwenye makasha na kugawana. Namba hiyo tu ndiyo inayojua njia ya kurudi.

"Uchafu huo," anasema Bi Tausi. Akapitisha sponji. Ile mbili ikafifia.

Chumba kikawa jangwa. Tumesimama ukingoni mwa kaburi, na kaburi limebaki nusu. Ndani, mwanamume mwenye kilemba anachimba kwa mkono mmoja. Wa pili umeshafutika.

"Huyo ni Bishara," mtungi unaninong'oneza. "Alinitoa kwa vidole vyake. Kwenye kadi yangu ya makumbusho, mchimbaji wamemwandika bwana aliyekaa chini ya mwavuli."

"Na maji hakunipa," anasema Bishara, bila kuinua macho. "Wewe bibi, ukifuta tena, jembe nitalishika na nini?"

"Mimi nimeambiwa nisafishe, kaka. Una malalamiko, andika barua."

"Nimeandika kumi na moja!" nikafoka.

"Tunazo, mzee. Tumeziosha."

Kengele inaanza kulia. Sponji inashuka. Bishara ananitazama kwa mara ya kwanza.

Wino umelowa maji ya sponji, umekuwa mbichi tena. Nikachomeka kiganja kati ya sponji na mtungi, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote.

"Mzee, unazuia kazi!"

"Naizuia tangu ujana wangu!"

Mke wangu akanitikisa. "Unamfokea nani asubuhi yote hii? Na mkono huo umeshika nini?"

Kiganjani mwangu pana namba ndogo nyeusi, imegeuka kinyume. Nikaipeleka kwenye kioo: 214. Ile mbili imefifia.

Barua ya kumi na mbili nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia siuoshi.