Kikohozi cha Mama Ciku

...na hata hajanigusa huyu, naapa, amesimama tu hapo na kauzi kake ka plastiki akingoja nijichome kwa uongo wangu, "Funga macho, baba, ukisikia nimekugusa mguu sema ndio," haya sista Immaculate wa kliniki ya sukari, mke wangu Gathoni anakohoa, vumbi la Kitengela hili, ndio, ndio tena, mimi ni emsii bwana, mshika maiki wa sherehe, najua watu wanapongoja neno hata nikiwa kipofu, ndio... kimya, mbona kimya, huu ni mtego, kwanza alinipa maneno ya kukumbuka, kanisa, ndizi, na... na nini, hakutaja la tatu huyu, wamepanga na mke wangu, ameketi pale mlangoni na mkoba magotini kama shahidi wa korti, si nilimsikia jikoni akimnong'onezea jirani yetu Obonyo kwa simu, "Jumamosi ukae karibu na maiki, huyu wangu siku hizi..." siku hizi nini, mama, malizia! ati sukari imeharibu miguu sasa inapanda kichwani, kwani sukari inapanda lifti? ruracio ya Ciku, siku ya kuletewa mahari ya binti yangu mwenyewe, maiki ishikwe na Obonyo, mtu anayechekesha kama tangazo la kifo, na juzi tu Kajiado nilitoa ile ya mbuzi aliyekataa kuwa mahari watu wakacheka, nikaitoa tena... niliitoa tena? ...wakacheka zaidi, na wa kwanza alikuwa Gathoni, kicheko kirefu cha kuvuta wengine, yeye ambaye hajacheka ile ya mbuzi tangu Ciku akinyonya...

"Na sasa, baba?" ngoja, nimefungwa macho kama bwana harusi mbele ya wasichana waliofunikwa leso, achague wake, akikosa apigwe faini, na mimi kila mara humwokoa kijana, akifika kwa mwenyewe nakohoa kidogo, siri hiyo anaijua Gathoni peke yake... kh'm. Nani huyo? Kh'm. Ni mlangoni. Kumbe ndio zangu zote zimetoka masikioni, si miguuni, sista ananigusa kweli, amenigusa tangu mwanzo, na mguu umenyamaza kama ukumbi uliokataa kucheka, na Gathoni ananikoholea, vile tu alivyonichekea Kajiado, hakupanga na sista, na Obonyo pia si mwizi wa maiki... kh'm, kwa nguvu sasa, maskini, anadhani sijamsikia, "Baba?" macho bado nimefunga, sema ndio, emsii, watu wanangoja...

"Hapana, sista. Hiyo sijasikia. Huyo ni mama Ciku amekohoa."